Motokaa Inayojigeuzia Gia Yenyewe, na Sababu za Kukosea Kwake

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, hupita njia yenye kona nyingi, na upande mmoja bonde li chini yake. Katika njia hiyo motokaa ya ndugu yetu mmoja, mwalimu wa shule, ilimshinda siku moja wakati wa jioni. Alikuwa amepakia mifuko miwili ya unga, mabati matano, na mama yake mzee aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Walipokaribia Soni injini ilinguruma kwa nguvu kama ya gari lendalo mbio, lakini magurudumu hayakuvuta. Mwalimu akakanyaga mafuta zaidi. Kelele ikazidi, mwendo ukapungua, hata motokaa ikasimama kabisa, kisha ikaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki, akavuta na ile ya mkono, akamwita kijana apitaye njiani atie jiwe nyuma ya gurudumu.

Mwalimu alidhani kuwa injini imekufa. Lakini injini iliyokufa hainguruma. Kosa lilikuwa katika gia boksi, nayo ilikuwa ya aina ile isiyo na klachi ya mguu, ambayo watu huiita otomatiki. Motokaa za namna hiyo ni nyingi Afrika ya Mashariki siku hizi, kwa kuwa motokaa nyingi zinazoletwa kwetu zimekwisha kutumika Japani, na huko otomatiki ndiyo desturi. Wengi wetu tulijifunza kuendesha katika gari lenye klachi, ama tulifundishwa na mtu aliyejifunza hivyo. Kwa hiyo dalili za klachi iliyokwisha twazijua, lakini otomatiki ikianza kusitasita, kugonga, au kukataa gia, hatujui tuanzie wapi kutazama, nasi huwaachia wengine watuambie. Gharama ya kuambiwa vibaya ni kubwa. Basi tumeona yafaa tueleze jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, na mambo yanayokiharibu mara kwa mara.

Kwanza tujue jambo ambalo wengi hulistaajabia: motokaa ya otomatiki inapoondoka, hakuna chuma kinachoshikana na chuma kati ya injini na gia boksi. Nguvu hupita katika mafuta. Chukueni pangaboi mbili, zielekezwe uso kwa uso, kisha iwashwe moja tu. Upepo wake utaisukuma ile ya pili, nayo itaanza kuzunguka ingawa haikuguswa. Badala ya upepo tieni mafuta, na pangaboi zote mbili zifungiwe ndani ya chungu cha chuma. Hapo mmepata mfano wa kile kiungo cha mafuta. Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hii mwaka 1905, naye alikuwa akifikiria meli, si motokaa. Mwaka 1939 General Motors ya Marekani ilitangaza gia boksi iitwayo Hydra-Matic, iliyotiwa katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940, nayo ndiyo otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wote.

Nyuma ya chungu hicho ziko gia zenyewe. Katika gari la klachi dereva huchagua gia kwa mkono. Katika otomatiki ya kawaida meno yameshikana daima. Iko gia moja katikati kama jua, ziko gia ndogo zinazoizunguka kama sayari, na nje yake iko bangili ya chuma yenye meno upande wa ndani. Ukiizuia moja kati ya hizo isizunguke, gari huenda polepole kwa nguvu nyingi. Ukizuia nyingine, mwendo huwa mwingine, au gari hurudi nyuma. Kazi ya kuzuia na kuachia hufanywa na sahani nyembamba za klachi, nyingi zikipangwa pamoja, moja ya chuma tupu na moja yenye utando mfano wa karatasi ngumu. Zikibanwa pamoja hushikana na kuzunguka kama kitu kimoja. Zikilegezwa huteleza na kuachana. Na kinachozibana ni mafuta yale yale, yakisukumwa na pampu.

Aliyepita katika migomba ya Wachagga mlimani Kilimanjaro ameona mifereji inayoleta maji kutoka juu, pamoja na vizuizi vidogo vya kufungulia shamba hili na kufungia lile. Gia boksi ina mifereji ya namna hiyo, iliyochimbwa katika kipande kimoja cha chuma. Chemchemi yake ni pampu, ambayo huzungushwa na injini. Malango yake ni valvu ndogo. Mashamba yake ni zile klachi. Zamani valvu zilisogezwa na springi na kwa nguvu ya mafuta yenyewe. Katika motokaa za siku hizi kompyuta ndogo hutoa amri, na visumaku vya umeme viitwavyo solenoidi hufungua na kufunga. Lakini maji yakiwa haba juu, au yakijaa tope, msimamizi wa mifereji afanye nini? Afungue malango yote, mashamba yatabaki makavu.

Kwa ajili hii fundi mwenye busara akiletewa otomatiki inayokosea huanza na mafuta, kabla ya kushika bisibisi.

Mafuta ya injini huweza kupungua kidogo kidogo kwa kuungua pamoja na petroli. Mafuta ya gia boksi, katika motokaa za siku hizi, hayana pa kuungulia. Yakipungua, yamevuja, na yapasa kutafutwa mahali yanapotokea: gasketi ya bakuli la chini, sili za ekseli, ama mabomba yanayoyapeleka kupozwa. Yakiwa machache, pampu hufyonza hewa pamoja na mafuta. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Basi klachi inayosukumwa na mafuta yenye povu hushika kwa ulegevu. Hapo dereva huona dalili zake. Asubuhi akitia D, gari hukaa kwanza kama lenye kufikiri, kisha hushituka na kwenda. Akikata kona, mafuta hukimbilia upande mmoja wa bakuli, na gari hupoteza nguvu kwa muda mfupi. Akipanda mlima, injini hupaa sauti na gari haliongezi mwendo. Kila mtelezo wa namna hii huchoma sahani kidogo, kwa hiyo ugonjwa huu hauponi kwa kuvumiliwa.

Kupima si kazi ngumu, ila ina taratibu yake. Chini ya boneti ya motokaa nyingi viko vijiti viwili vya kupimia, ambavyo mafundi huviita dipstiki, kimoja cha injini na kimoja cha gia boksi. Wako watu waliomiliki motokaa miaka mingi bila kujua hicho cha pili. Motokaa na iendeshwe kwanza mpaka mafuta yapate joto, kisha isimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe. Dereva akanyage breki ya mguu, apitishe mkono wa gia katika kila herufi pole pole, arudi kwenye P. Kisha kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishwe, kichomolewe tena na kusomwa. Aghalabu hupimwa injini ikiwa inazunguka. Walakini motokaa za Honda hutaka izimwe kwanza, ndipo kipimo kisomwe mara moja. Basi kitabu cha motokaa ndicho cha kufuatwa. Ziko na motokaa zisizo na kijiti kabisa. Hizo hupimwa na fundi kwa kizibo kilicho ubavuni au chini ya gia boksi, mafuta yakiwa na joto lililotajwa na waliozitengeneza. Tena kuzidisha mafuta nako ni kosa: vyuma vizungukavyo huyapiga mpaka yakatoa povu, na povu hurudisha ugonjwa ule ule wa hewa.

Kijiti hicho kina habari nyingine zaidi ya kipimo. Mafuta mapya aghalabu ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia, yamechakaa. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kitu kilichoungua, sahani zimekwisha kuungua, na harufu hiyo ndiyo utando wake. Yakionekana ya rangi ya waridi yenye ukungu, kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, maji yameingia. Katika motokaa nyingi mafuta ya gia boksi hupozwa kwa kupitishwa katika kijibomba kilichomo ndani ya rejeta. Kijibomba hicho kikitoboka, maji na mafuta huchanganyika. Maji hulegeza gundi inayoshika utando wa sahani, ukabanduka. Mtu akiona rangi hiyo na asiendeshe hata maili moja zaidi.

Adui mkubwa wa mafuta ni joto. Kile chungu cha pangaboi hutoa joto jingi kila gari linapolazimishwa kwenda na magurudumu yasiende. Wakati wa masika dereva akinasa katika tope, hukanyaga mafuta, hutia D, hutia R, hutia D tena, magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Robo saa ya kazi hiyo huweza kuyachosha mafuta kuliko safari ndefu ya barabara ya lami. Afadhali kushuka mapema na kuomba jembe na matawi ya miti. Kadhalika mtu asilizuie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo lisirudi. Breki ndiyo kazi yake.

Sasa twaja kwenye kosa ambalo kwa maoni yetu limeua gia boksi nyingi zilizokuwa na uhai mrefu mbele yake, yaani kutia mafuta yasiyo yake. Madukani mafuta haya yote huitwa haidroliki, na jina hilo moja limewapoteza watu. Sahani zile hutakiwa kuteleza kwa kiasi fulani zinaposhika, kisha zikaze kabisa. Kiasi hicho hutokana na dawa zilizotiwa katika mafuta, na kila mtengenezaji amepanga chombo chake kwa dawa zake. General Motors ilitoa kanuni ya mafuta ya namna hii mwaka 1949. Kwa miaka mingi dawa mojawapo ilikuwa mafuta ya nyangumi, samaki yule mkubwa wa bahari kuu, ambaye kwa kweli si samaki. Marekani ilipokataza biashara ya mafuta yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walipata taabu kutafuta kitu cha kushika mahali pake. Tangu hapo aina zimeongezeka, nazo haziingiliani ovyo. Jina la mafuta yatakiwayo huandikwa katika kitabu cha motokaa, na mara nyingine juu ya kijiti chenyewe.

Mwalimu tulimwacha Soni na jiwe nyuma ya gurudumu. Dereva wa lori aliyepita alisimama kumsaidia. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakiona kikavu. Akasema, "Mwalimu, usihuzunike, mafuta yamekwisha tu." Alikuwa na dumu la mafuta ya injini, akammiminia lita mbili, naye akakataa malipo. Motokaa ikapanda. Mama akafika nyumbani, mwalimu akamshukuru Mungu na yule dereva, na asubuhi akaenda shuleni nayo kama desturi. Ikawa hivyo majuma sita. Hakuna aliyeuliza mafuta ya kwanza yalikwenda wapi, wala aliyekumbuka kuyatoa yale ya injini. Kila asubuhi, katika baridi ya Usambara, gari lilikawia zaidi kushika, na gia zilipobadilika liligonga kama mtu apigaye mlango kwa goti.

Yatupasa kusema neno juu ya aina moja ambayo huwachanganya hata mafundi. Motokaa ndogo nyingi kutoka Japani hazibadili mwendo kwa zile gia za jua na sayari. Zina mkanda wa chuma unaopita juu ya magurudumu mawili yanayoweza kujipanua na kujibana, na mwendo hubadilika bila hatua, kama mtu ateremkaye mtelemko badala ya ngazi. Mafundi huziita sivitii. Mkanda huo haupaswi kuteleza kabisa, na mafuta yake ni mbali na ya otomatiki ya kawaida. Mtu akitia haidroliki ya kawaida humo, mkanda hukwaruza magurudumu yake, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Tena dereva wa sivitii asidhani gari lake ni bovu kwa kuwa halisikiki likibadili gia, ndivyo lilivyo.

Si kila kosa ni la mafuta. Kompyuta ya gia huamua kwa habari inazopata kutoka kwa sensa za mwendo, za joto, na za mguu wa dereva. Sensa ikifa, au waya ukiliwa na panya, au betri ikidhoofika, kompyuta hupokea habari za uongo. Hapo motokaa nyingi hujilinda kwa kukaa katika gia moja tu, mara nyingi ya pili au ya tatu, taa ikawaka mbele ya dereva, na gari huondoka kwa uzito kama lililopakia mawe. Watu huliita bovu, kumbe limejifunga makusudi lisijiumize. Fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta huweza kuona ni sensa ipi au solenoidi ipi inayolalamika, na kipande hicho hubadilishwa bila kushusha gia boksi yote.

Na mara nyingine gia boksi husingiziwa tu. Mkono wa gia ukikataa kutoka P, tazameni kwanza kama taa za breki nyuma zinawaka, kwa maana katika motokaa nyingi swichi ile ile ya taa ndiyo huuruhusu mkono kutoka. Swichi ikifa, yote mawili hukoma. Gari likigonga kila linapotiwa D au R, huenda mpira unaobeba injini umekatika, na injini yaruka katika kiti chake. Injini yenye plagi mbovu hutetemeka, na dereva hudhani gia zinateleza. Waya wa mkono wa gia nao hulegea, hata herufi ionekanayo isiwe ndiyo gia iliyomo.

Uzee nao upo. Sili za mpira hukauka na kuwa ngumu, unga wa sahani hukwama katika valvu. Hapa watu hubishana sana: je, gia boksi ambayo haijabadilishwa mafuta kwa miaka mingi, itiwe mapya au iachwe? Wengine huapa kuwa mafuta mapya huua. Sisi twaona kwamba aghalabu mtu hukumbuka mafuta siku gari lilipoanza kuteleza, akatia mapya kwa matumaini, na sahani zilizokuwa zimekwisha kuungua zikamalizika juma lile. Lawama ikawaendea mafuta. Ikiwa gia bado zashika vizuri, kuyabadilisha, pamoja na kusafisha au kubadilisha chujio, ni jambo la manufaa. Ikiwa zimekwisha kuteleza na mafuta yananuka moto, mapya hayawezi kurudisha utando uliokwisha. Na pale motokaa ilipoandikwa kuwa mafuta yake ni ya maisha, yafaa tuulize, maisha ya nani? Motokaa ikifika kwetu mara nyingi imekwisha kuishi maisha yake ya kwanza.

Makosa ya dereva tutayataja kwa haraka. Asitie R gari likiwa bado lateleza mbele, wala D likiwa larudi nyuma. Asiegeshe mlimani kwa P peke yake, maana ndani P ni kucha moja ndogo ya chuma iliyoingia katika jino. Avute kwanza breki ya mkono. Na wenzake wasijisumbue kulisukuma gari la otomatiki ili liwake. Pampu huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala hakuna mafuta ya kubana klachi, na msukumo wa magurudumu haufiki kwenye injini hata wakisukuma watu ishirini. Baadhi ya otomatiki za kale za Marekani zilikuwa na pampu ya pili upande wa magurudumu, nazo ziliweza kusukumwa, lakini desturi hiyo iliachwa katika miaka ya 1960.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayokataza kulivuta gari la otomatiki kwa kamba safari ndefu. Magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka na injini imezimwa, vyuma ndani ya gia boksi huzunguka bila mafuta yanayosukumwa kuvilainisha. Yapasa magurudumu hayo yainuliwe juu, au gari lipakiwe juu ya lori.

Mwalimu hakulijua hilo. Juma la saba motokaa ilikataa gia zote isipokuwa R, na jirani mwenye trekta akaivuta kwa kamba mpaka Mombo. Kutoka huko ilipakiwa kwenda Tanga. Gia boksi ilipofunguliwa, sahani za klachi zilikuwa nyeusi, utando wake umekuwa unga uliojaa bakuli la chini, na pampu imekwaruzika. Fedha aliyokuwa ameiweka kwa kuezeka nyumba ya mama yake ikanunua gia boksi nyingine iliyotumika. Mafuta ya kwanza yalikuwa yamevuja katika bomba la mpira liendalo kwenye rejeta, bomba lenye urefu wa shibiri moja na nusu. Fundi alilikata kwa kisu, akatia jipya na vibano viwili. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Yale mabati matano tuliyaona mwezi uliopita, yangali yameegemezwa ukutani.